Gari Linauzwa, Dereva Hauzwi

Dereva wetu alikuwa akivaa tai siku ya kuosha magari. Siku nyingine zote alitembea na shati la kawaida na kandambili, hata alipompeleka madam kwenye harusi za watu wakubwa, lakini Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua mfereji wa uani, lazima afunge tai yake ya buluu, ailaze kifuani, kisha aichomeke ndani ya shati isilowe. Nilimuuliza sababu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Siku zingine mimi naendesha tu," akasema. "Jumamosi gari zinaniangalia."

Tulifanya kazi nyumba moja, mtaa wa Naseem, mashariki mwa Riyadh, mimi ndani na yeye nje. Mimi nilipika, nikafagia, nikapiga pasi. Yeye alikaa katika chumba kidogo karibu na geti na kuwapeleka watu walikokwenda. Jina lake nalijua, ila nyumba nzima ilimwita Dereva, na yeye mwenyewe akipiga simu alianza hivyo: "Dereva hapa," utadhani Riyadh yote ina dereva mmoja. Mimi aliniita Pwani, kwa kuwa natoka Likoni. Yeye ni mtu wa Machakos, na alikuwa na umri wa kutosha kuwa mjomba wangu, kwa hiyo mimi nilimwita Mzee.

Siku niliyofika nchini alikuja kunipokea uwanja wa ndege na karatasi yenye jina langu, likiwa limekosewa. Nilikuwa nimejikaza vizuri tu tangu nyumbani, lakini nilipoketi kiti cha nyuma na kusikia mtu akiniambia "Karibu, funga mkanda" kwa Kiswahili, machozi yakanitoka na sikuweza kuyazuia. Akaniona kwenye kioo.

"Lia," akasema, "lakini umalize kabla ya Naseem. Madam akikuona na hayo macho atafikiri ni mimi nimekutisha."

Tulipokaribia njia ya kuingia mtaani akanitupia jicho tena, akaona bado, akapita moja kwa moja. Tukauzunguka mji. Akanionyesha majengo marefu na kunieleza kila moja ni la nani na mwenyewe alilijenga kwa sababu gani, maelezo ambayo nilikuja kugundua baadaye kwamba aliyatunga palepale. Tulipofika nyumbani nilikuwa nacheka. Madam akatuuliza kwa nini tumechelewa.

"Foleni, madam," akajibu Dereva. "Foleni kubwa sana."

Kwa majivuno hakuwa na mfano. Hakuna chombo chenye magurudumu ambacho hakuwa amekiendesha: lori la saruji, ambulansi, trekta, gari la maiti, basi la shule ya wasichana. Ukijumlisha miaka aliyodai kuifanya kila kazi, ungesema alianza enzi za Nuhu. Akichemsha yai, ni yai ambalo halijawahi kuchemshwa namna hiyo. Akirekebisha bomba la jikoni, alituita mimi na watoto wa nyumba tuje tutazame maji yakipita. Tukishakubali sote kwamba kweli yanapita, husema neno lake: "Hiyo ni kawaida yangu." Alilisema mara nyingi hata wale watoto, wasiojua Kiswahili, wakawa wanalisema wakimaliza kazi za shule.

Na mtu huyu, aliyesema aliwahi kumfukuza fisi barabarani kwa honi, aliogopa paka. Wala si kidogo. Paka akipita uani, Dereva alikumbuka kazi chumbani kwake.

Alikuwa mtu wa kanisa. Ijumaa, siku yake ya kupumzika, alijifungia na simu masikioni akifuata ibada ya kwao. Lakini Ramadhani ikifika, ni yeye aliyegonga dirisha la jikoni kuniamsha nile daku, kwa kuwa mimi usingizi wangu ni mzito. "Pwani! Amka ule, wenzako wameshaanza!" Kisha akatangaza kwamba naye anafunga, kwa heshima ya nyumba. Saa sita mchana, nikianika nguo, nilisikia karatasi ya biskuti ikichakarika ndani ya gari lililofungwa vioo. Nikikohoa, kimya. Nikiondoka, biskuti inaendelea. Jioni alikaa kwenye futari na uso wa mtu aliyeteseka, akala kuliko sisi sote.

Tuligombana kuhusu lugha kila siku ya Mungu. Yeye alisema "hii gari", "gari imekuja", "gari yangu". Mimi nikasema gari hili, gari limekuja, gari langu.

"Li, li, li," alinikatiza. "Nyinyi watu wa Mombasa mnaongea kama mnaimbia mtoto. Gari ikisikia hiyo italala."

Madam akitutuma soko la Al-Dirah kununua udi na viungo, safari ile ya saa moja iligeuka nusu siku, maana Dereva alikuwa na marafiki katika kila uchochoro wa soko. Alikunywa chai kwa Myemeni wa asali, akauliza habari za magoti ya Mhindi wa vitambaa, akabishana bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua, akaondoka akiwa ameridhika kabisa. Muuzaji naye aliridhika. Sijui walikuwa wakipeana nini wale, lakini hakuna aliyehisi kupoteza wakati isipokuwa mimi, niliyebeba kapu.

Sasa lile gari.

Lilikuwa limelala uani chini ya turubai tangu kabla yetu. Mwenye nyumba, tuliyemwita Baba kama wafanyakazi wengi huku wanavyowaita mabosi wao, alilirithi kutoka kwa mzazi wake. Ni gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya harusi, injini ya silinda nane. Marehemu alilinunua akiwa kijana, na mtaa wake wa wakati huo, Baba alituambia, ulimjua kwa mlio kabla ya kumjua kwa sura. Kisha likaharibika, likafunikwa, na paka wakalifanya hospitali yao ya uzazi.

Siku Baba alipoamua kulifufua, Dereva alishika ncha ya turubai, akavuta, akaona macho sita yakimtazama kutoka kiti cha nyuma. Alikimbia mpaka kwangu jikoni. "Pwani, kuna watu ndani ya gari." Nikaenda nikawatoa wale watoto wa paka mmoja mmoja, nikawaweka ndani ya boksi. Yeye alisimama mbali, akinipa maelekezo.

Kazi ile ilichukua zaidi ya mwaka. Spea zilikuja kwa meli ndani ya maboksi, na kila boksi Dereva alilifungua kwa adabu, kama zawadi ya posa. Bodi ilipelekwa sanaiya, mtaa wa magereji, kwa fundi mmoja Mpakistani. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja. Walizozana kila mmoja kwa lugha yake, kutwa, na gari likazidi kupendeza. Lilirudi limepakwa nyekundu ya komamanga, na mistari miwili myeupe kuanzia puani mpaka mgongoni. Dereva akanunua zulia dogo Al-Dirah, akalikata, akalitandika ndani ya gari chini ya miguu. Viatu vya kila aliyetaka kuingia aliviangalia kwanza.

Siku lilipowaka mara ya kwanza, madirisha ya nyumba yalitetemeka. Magari yaliyoegeshwa mtaani yakaanza kupiga kelele za kengele zao, moja baada ya jingine. Madam alitoka mbio kujua kumetokea nini. Na Baba, mtu mpole asiyepandisha sauti, akaegemea ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Ni yeye," alisema. Alikuwa akisikia mlio wa gari la babake kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto.

Dereva alishusha boneti taratibu, akaifuta kwa kiganja.

"Hiyo ni kawaida yangu," akasema.

Gari lenyewe lilikuwa na kiburi. Likiwa baridi, linawaka. Likipata joto ukalizima, haliwaki tena mpaka ulibembeleze. Dawa aliyoivumbua Dereva ilikuwa kitambaa kilicholowa maji baridi, anakizungusha kwenye bomba la mafuta, anangoja, anasema nalo Kikamba, anakanyaga pedali kidogo kidogo, na hapo linakubali. Vitambaa vyangu vya jikoni vyote viliishia huko. Madam alinituhumu kuvitupa. Nilimwonyesha boneti.

Baba aliliendesha Ijumaa alasiri, mitaa miwili mitatu, akirudi na uso wa kijana. Tatizo ni kwamba lile gari liko chini sana na goti la Baba lilikuwa bovu. Kuingia aliingia. Kutoka ilibidi Dereva amvute mkono mmoja na mwanawe mkubwa mkono wa pili, na mara moja walimvuta wakaanguka wote watatu. Daktari akamkataza. Madam akasema ama gari liondoke, ama yeye Baba alale humohumo, kwa sababu hatamtoa tena. Basi likaamuliwa liuzwe.

Dereva akapewa kazi ya kupiga picha za kuweka mtandaoni. Alivaa tai. Alimwita mtoto wa kati wa Baba ampigie, akasimama kando ya gari mkono juu ya paa. Akakaa kwenye usukani, akatabasamu. Akainama kwenye injini akionyesha kidole. Akaegemea bampa, mikono kifuani. Baba alipoona tangazo, hakukuwa na picha hata moja ya gari peke yake. Aliangua kicheko akaliacha hivyohivyo. Watu wakaanza kupiga simu, na kila wa pili aliuliza kama yule bwana wa tai naye anauzwa.

Wengi walikuja. Mmoja alitaka kulipaka rangi nyeusi, Dereva akamwonyesha geti. Mwingine alilitaka la kupigia picha za harusi tu. Kisha akatokea mzee mmoja kutoka Jeddah, ndevu nyeupe zilizochongwa, kicheko cha kusikika hadi jikoni. Alikuwa na magari ya zamani kadhaa, na aliyaendesha yote, hakuwa mtu wa kuyafungia. Alilizungusha gari mtaani, akarudi amefurahi, akalizima mbele ya geti ili aliwashe tena aone. Halikuwaka. Akajaribu na kujaribu, jasho likamtoka.

Dereva alikuja taratibu, kitambaa changu kipya mkononi. Akafungua boneti, akafanya yake, akasema Kikamba chake. Silinda nane zikanguruma.

Nilipopeleka sinia la kahawa mlangoni mwa majlisi, sebule ya wageni, nilimsikia yule mzee akimwambia Baba, "Nachukua gari pamoja na huyu mtu. Kama ni moja bila jingine, halas, basi, sitaki."

Baba akamwita Dereva, akamweleza kwa furaha. Ni kazi nzuri, mshahara umepanda, Jeddah kuna bahari na upepo, na bosi anapenda utani. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani, nami nilikuwa bado mlangoni:

"Baba, gari inauzwa. Mimi siuzwi."

Mzee wa Jeddah akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema hakuna anayenunua mtu, anamwomba tu ahamie kwake. Siku hizi uhamisho wa mfanyakazi haukamiliki mpaka mwenyewe akubali kwenye simu yake, abonyeze tu. Dereva akasema atafikiria. Mzee akarudi Jeddah, gari likabaki uani likingoja kidole cha Dereva.

Hapo niseme habari zangu kidogo, maana zimo.

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha miezi mingi. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu Zuhura, niliyemwacha kwa mamangu angali anajifunza kuvaa kandambili mguu sahihi, kwamba siku atakapoanza darasa la kwanza nitamshika mkono mimi mwenyewe. Mtoto yule hakusahau. Kila nikipiga simu aliniuliza, "Mama, Januari ni kesho?" Nami nilimwomba madam ruhusa. Akasema baada ya Ramadhani. Kisha baada ya Hija. Kisha baada ya mgeni, na baada ya mgeni yule akaja mgeni mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajui bizari iko kabati gani nyumbani kwake, na aliogopa. Lakini bila viza ya kutoka na kurudi, ambayo wao ndio wanaoitoa, mimi sikuwa na pa kwenda.

Mambo hayo nilikuwa nimemwambia Dereva dirishani, nikiosha vyombo, kabla mzee wa Jeddah hajatokea. Aliitikia "mm" akaomba chai.

Basi siku zikapita na kidole cha Dereva hakibonyezi. Mzee wa Jeddah akipiga simu kila asubuhi. Baba akimwuliza, Dereva hujibu, "Network mafi, Baba," yaani hakuna mtandao. Kesho yake, "Chaji mafi." Halafu simu ikaanguka kwenye ndoo. Halafu ikapona lakini ikasahau namba ya siri. Wakati huo wote alivaa tai kila siku na kuliosha lile gari ambalo halikuwa limetoka hata getini.

Niliona ni majivuno yake yaleyale, anataka abembelezwe.

"Mzee, si uende tu?" nikamwambia. "Kazi yenyewe nyepesi. Na yule mtu anakupenda."

"Wewe pika wali," akasema.

Desemba ilikuwa katikati madam alipoingia jikoni na simu yake, uso umekunjamana, akanionyesha tiketi. "Yalla, funga sanduku. Miezi miwili, Hamisa, si siku moja zaidi." Jina langu ni Mwanahamisi, lakini siku hiyo angeweza kuniita jina lolote. Nilimkumbatia na mikono yangu yote ina unga. Akajitoa, akajipangusa, akacheka bila kupenda.

Dereva alinipeleka uwanja wa ndege. Njiani hakusimulia jengo hata moja. Alipokuwa akinishushia sanduku akasema, "Angalia viatu vyake visibane. Watoto wa darasa la kwanza wanabanwa na viatu siku ya kwanza, wanachukia shule bure." Nikamwambia tutaonana nikirudi. Akasema, "Labda."

Nikiwa nimeshaketi ndani ya ndege, ujumbe wake ukaingia: *Simu imepata chaji.* Sikuelewa. Nikadhani amekosea mtu.

Safari yake ya Jeddah niliifuata nikiwa Likoni, kwa sauti alizonitumia. Walitaka kulipakia gari kwenye lori, akakataa, akasema yeye hajawahi kupeleka gari kwa mgongo. Alituma sauti kutoka kila kituo cha mafuta, akieleza jinsi watu walivyosimama kumtazama. Kwenye milima ya Taif, barabara inayoshuka kwa kona nyingi, injini ilipata joto akasimama kando. Nikasikia kelele nyuma ya sauti yake. Walikuwa nyani, kundi zima, na mkubwa wao amepanda juu ya boneti ya rangi ya komamanga na kuketi kama bosi. "Nimemwambia ashuke kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa Kikamba," alisema Dereva, akihema. "Sasa niko ndani nimefunga vioo. Ananiangalia." Tulicheka, mimi na mama na Zuhura, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Niliporudi Naseem, chumba cha karibu na geti kilikuwa na dereva mwingine, kijana mkimya kutoka Bangladesh. Hakuvaa tai na hakuogopa paka. Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikasikia maji yakimwagika juu ya magari na hakuna mtu anayeongea.

Madam alinikuta hapo.

"Unamkumbuka yule mwendawazimu," akasema.

"Ndiyo, madam."

Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya jikoni kwake mara nyingi. Na hapo ndipo aliponieleza. Siku ileile ya mzee wa Jeddah, mgeni alipoondoka, Dereva alirudi majlisi, akasimama mbele ya Baba na yeye madam, akasema atakubali kwenda Jeddah siku Pwani atakapopanda ndege kwenda kwao. Si kabla. Januari ikifika na Pwani bado yuko, na yeye atakuwa yuko, na gari litakuwa liko.

"Nikamwambia, wewe ni dereva, si kadhi," alisema madam. "Nikamwambia, kesho naweza kukurudisha kwenu. Unajua alinijibu nini? 'Ndiyo, madam.' Basi. Akaenda kuosha gari. Asubuhi namwona pale na ile tai yake. Mchana namwona. Mpaka nikawa sifungui pazia."

"Na Baba?"

"Baba!" Akarusha mkono. "Baba hakulala vizuri. Akaniambia, huyu mtu anamlipia kijana wake chuo kikuu, na bado anasimama hapa kutukumbusha mkataba tuliotia sahihi sisi. Akaenda kununua tiketi mwenyewe." Akanyanyuka. "Nilikasirika sana. Bizari niliitafuta wiki nzima."

Nilibaki na sufuria mkononi. Mtu yule alitutangazia yai. Alituita kuangalia maji ya bomba. Na jambo hili alilifanya mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumfukuza nchini kwa simu moja, kisha akanipeleka uwanja wa ndege akizungumzia viatu.

Nilimpigia simu jioni hiyo. Nilipoanza tu, akasema mzee wake anamwita, akakata. Nilijaribu tena wiki iliyofuata. Network mafi.

Nikamwona mara moja tu baada ya hapo. Likizo ya shule ya mwaka uliofuata familia ilikodi nyumba Jeddah karibu na bahari, nami nikachukuliwa kusaidia. Ijumaa moja alasiri niliomba ruhusa ya kumsalimu Dereva, na madam akasema, "Mwambie goti la Baba limepona. Mwambie hivyo tu." Nikatoka nje nikamsubiri, na nilimsikia kabla hajatokea. Mtaa mzima ulimsikia.

Alikuwa amekonda, na miwani mizito machoni. Mzee wake alimruhusu kulitoa gari Ijumaa ili injini isilale. Aliangalia viatu vyangu kabla sijaingia. Akanipeleka mtaa wa Karantina, kule kusini mwa mji, ambako mama mmoja wa kwetu alipika chapati chumbani kwake na kuuza kwa wenzake. Aliliegesha mahali anapoweza kuliona. Watoto wa Kichadi na wa Kinijeria wakalizunguka mara moja, na akawaambia wasiguse, kisha akawafungulia mlango waone zulia.

Tulikula chapati na ndengu, mimi nikiziita pojo, yeye akikataa. Akaniambia anarudi Machakos moja kwa moja baada ya miezi michache, macho yamechoka na barabara. Akaniambia mzee wake amelia aliposikia, jambo ambalo sina hakika nalo. Akaniambia hakuna kona ya Jeddah isiyomjua.

"Mzee," nikasema, "madam aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kuhusu tiketi. Ulivyosema majlisi."

Akakata kipande cha chapati, akakichovya. "Yule mama anaongezaga chumvi. Simu yangu ilikuwa mbaya. Uliiona mwenyewe ikitoka kwa ndoo."

"Nilikuona ukiitia kwenye ndoo."

Aliwatazama watoto kule kwenye gari, mmoja akiwa amekaa juu ya zulia badala ya kiti. Nikajua shukrani haitapita hapo, hata nikiisukuma.

"Alivaa nini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wako. Siku ya kwanza."

Nikamwambia. Sketi ya kijani, shati jeupe lililokuwa kubwa mabegani, nikakunja mikono. Viatu nilinunua saizi moja mbele, nikaweka pamba. Akaitikia kwa kichwa, vizuri. Akauliza nani alibeba begi. Nikasema yeye mwenyewe, alikataa nisilishike, lakini mkono wangu aliushika kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Akauliza kama alilia mlangoni.

"Hakulia. Nililia mimi. Akaniambia, mama, nenda, watu wanaangalia."

Dereva alivua miwani akaifuta kwa shati, akakaa nayo mkononi.

"Mimi nina watatu," akasema. "Wote siku hiyo nilikuwa barabarani. Wa kwanza nilikuwa Sudan na lori. Hawa wawili nilikuwa hapa Saudia. Mama yao alinisimulia kwa simu, lakini unajua simu, kadi ikiisha inakatika katikati."

Mwenye chapati akaja kuuliza kama tunaongeza. Dereva akaagiza chai mbili. Kule nje jua lilikuwa limeanza kulegea na watoto walikuwa wameshaingia ndani ya gari wote, wamebanana, mmoja ameshika usukani kwa mikono miwili akiunguruma kwa mdomo. Dereva aliwaona na hakuwatoa.

"Hebu anza tena," akaniambia. "Anzia asubuhi, alivyoamka. Uende pole pole."

Nikasogeza kiti karibu, nikaanza.